Ulinganisho: Townace ya mizigo au Noah ya abiria kwa kubeba baiskeli

Mwuliza swali, Igoma

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninatengeneza na kuuza baiskeli za mtumba hapa Igoma, Mwanza. Kila wiki ninapeleka sita au saba kwenye minada ya upande wa Magu, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 nimeanza kwenda Sengerema pia, maana sasa hakuna tena kupanga foleni ya kivuko. Hadi leo ninakodi kirikuu, yaani pikapu ndogo ya wazi, ambayo haina ubaya isipokuwa mvua ikinyesha njiani baiskeli zinafika zimelowa na minyororo inaanza kushika kutu kabla ya mteja kuiona. Jumamosi nina shughuli nyingine: tuko wanne, tunapelekwa Magu pamoja na baiskeli zetu, kisha tunarudi mjini kwa kukanyaga. Nimeonyeshwa magari mawili ya Toyota ya bei zinazokaribiana, Townace ya mizigo na Noah ile ya zamani ya abiria. Naomba ushauri wa waliowahi kupakia baiskeli katika mojawapo.

Fundi wa magari, Mabatini

Kwanza ufahamu kwamba magari hayo ni ndugu wa tumbo moja. Toyota waliyatoa pamoja mwaka 1996, la mizigo likiitwa Townace na la abiria likiitwa Townace Noah, hadi mwaka 2001 Noah ilipokuwa gari linalojitegemea. Injini ya yote mawili iko chini ya viti vya mbele. Noah za petroli unazoziona hapa mjini nyingi ni za cc 2000. Townace nyingi zina injini ya 7K ya cc 1800, injini ya muundo wa zamani ambayo haina mambo mengi na ambayo fundi yeyote wa Mabatini ameshaifungua.

Tofauti kubwa inatokana na sheria za kwao. Ili gari lisajiliwe Japani kama la mizigo, eneo la mizigo lazima lizidi eneo la abiria. Ndiyo maana kiti cha nyuma cha Townace kimesogezwa mbele, ni chembamba, mgongo wake umesimama wima, na mtu mrefu akikaa pale magoti yanagusa kiti cha dereva. Lakini kiti hicho hicho ukikilaza kinaungana na sakafu, na hapo unapata uwanja mtupu hadi nyuma ya dereva. Noah haikutengenezwa kwa hesabu hiyo. Viti vyake ni vinene, na kiti kinene hata kikikunjwa hakipotei.

Mwenye Noah, Nyegezi

Ninaunga mkono aliyosema fundi, nami ninaongeza ya kwangu, kwa kuwa Noah ya aina hiyo ninayo na nimepakia baiskeli humo mara nyingi kuliko nilivyopakia watu.

Viti vya mstari wa tatu hukunjwa na kuinuliwa ubavuni, kimoja kulia na kingine kushoto. Hapo ndipo wengi hujidanganya, kwa sababu hupima sakafu, wakaona inatosha, wasikumbuke kwamba viti vilivyoinuliwa vimekula upana ule ule ambao usukani wa baiskeli unauhitaji. Usukani wa baiskeli ya milimani una sentimita 60 hadi 70, wakati mwingine zaidi, na ndio unaonasa. Mimi huukunja mstari wa kati na kuusogeza mbele kabisa, natoa magurudumu ya mbele, kisha naingiza baiskeli nne zikiwa zimesimama, moja ikitazama mbele na ya pili ikitazama nyuma, ili usukani wa hii ukae juu ya kiti cha ile. Zinakaa vizuri, lakini ndani ya gari tunabaki watu wawili tu. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Igoma, ile picha ya watu wanne wamekaa kwa starehe na baiskeli nne nyuma yao haipo hata katika Noah, labda utoe magurudumu yote mawili ya kila baiskeli, au ufunge keria juu ya paa.

Jambo la pili ni uchafu. Mwaka wa kwanza nililaza baiskeli moja juu ya nyingine bila kitu katikati. Tulipofika, meno ya gia ya mbele yalikuwa yamechana kitambaa cha kiti, grisi ilikuwa imeingia ndani ya sponji, na baiskeli ya chini, ambayo niliilaza upande wa gia, kishikilia mnyororo chake cha nyuma kilikuwa kimepinda kuelekea kwenye spoki. Siku hizi upande wa gia hautazami chini kamwe, na kati ya baiskeli na baiskeli ninaweka blanketi kuukuu. Yule mwenye breki za diski akumbuke, akishatoa gurudumu, kuchomeka kipande cha boksi katikati ya vibao vya breki, kwani mtu akiminya breki kwa bahati mbaya vibao vitakutana na gurudumu halitarudi kirahisi.

Kwa upande wa sifa, Noah ina kiyoyozi cha nyuma na haikuchoshi. Kama baiskeli ni za Jumamosi tu, singekuambia ununue gari jingine.

Mwanachama wa Pasiansi

Kaka, je, umeitazama Nissan NV200? Imeanza kutengenezwa mwaka 2009, injini yake ya cc 1600 iko mbele, kwa hiyo huchomwi na joto chini ya makalio ukitoka Magu saa nane mchana, nayo ina toleo la mizigo na toleo la abiria la viti saba. Kuhusu wizi, usiamini anayesema gari la mizigo linaficha baiskeli zilizomo. Townace nyingi zina vioo pande zote kama Noah.

Mwanachama wa Buhongwa

Mimi nitasema la karatasi. Soma kadi ya gari kabla ya kutoa pesa, uone limesajiliwa kama gari la aina gani na lina viti vingapi. Kung'oa viti vya Noah na kuigeuza ya mizigo bila kubadilisha usajili kutakupa maelezo marefu kwa trafiki, na kukalisha watu juu ya sakafu ya Townace kutakupa marefu zaidi. Kwa kuwa unabeba bidhaa za biashara, uliza LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kuhusu leseni kabla ya kuanza safari. Ukiamua kuagiza badala ya kununua hapa, ingiza magari yote mawili katika kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kwa sababu gari la abiria na gari la mizigo yako katika mafungu tofauti ya ushuru.

Mwuliza swali, Igoma

Nawashukuru wote. Nilidhani swali langu ni la viti, kumbe ni la upana. Minada ndiyo inayolisha nyumba, kwa hiyo ninaelekea kwenye Townace. Jumamosi wawili watapanda Hiace ya Magu, nasi wawili tutakwenda na baiskeli. Kinachonitia shaka ni Phoenix, ile baiskeli ndefu ya kizamani. Breki zake za vyuma haziniruhusu kugeuza usukani kama ninavyogeuza wa baiskeli ya milimani, na nilipoipima leo kwa futi kamba ilikuwa karibu sentimita 190 kutoka tairi hadi tairi.

Fundi wa magari, Mabatini

Usipime kwa futi kamba peke yake. Nenda na Phoenix yenyewe kwa muuzaji, uiingize mlango wa nyuma bila kufungua kitu, kisha ufunge mlango. Beba pia spana namba 15 ya pedali, na ukumbuke kwamba pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kama mshale wa saa.

Mwuliza swali, Igoma

Kesho saa mbili asubuhi niko pale. Nitaikanyaga hadi kwake.