WBA ina mabingwa wawili uzani mmoja: wa kweli ni yupi?

BarakaBarani
Asalaam aleikum. Hapa Malindi ubishi hauishi. Huyu ataja bingwa wa ngumi wa shirika la WBA, yule ataja mwingine, uzani ule ule, na wote wana mkanda. Halafu kuna wa muda, kuna Silver, kuna wa Afrika. Kijana aanze kufukuzia upi?

Ustadh_Mizani
Waaleikum salaam. Mashirika ya ngumi yenye uzito ni manne: WBA (lilizaliwa 1921 kwa jina la National Boxing Association, NBA), WBC la 1963, IBF la 1983 na WBO la 1988. Anayekusanya mikanda yote minne ya uzani mmoja ndiye bingwa asiyepingwa. Wa kwanza kufanya hivyo ni Bernard Hopkins, 2004, alipomwangusha Oscar De La Hoya.

Vurugu unayoiona ni ya WBA. Bondia akiwa na mkanda wao na wa shirika jingine, humpandisha awe "super", kisha ule wa kawaida hupiganiwa na wengine. Kwangu mimi bingwa ni wa super. Wa kawaida ni mpinzani aliyevishwa mkanda, basi. Tena kila pambano la ubingwa lina ada, aghalabu karibu asilimia 3 ya malipo ya bondia, ndiyo maana mikanda haipungui.

Wa muda hutolewa bingwa akiumia au akikwama. Akirudi, wawili hao wanapaswa kukutana. Silver ya WBC si ubingwa wa dunia.

Bi_Kona_Nyekundu
Msisahau kwamba mkanda hutoka bila ngumi. Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury, uzani mzito, mjini Riyadh tarehe 18 Mei 2024 akashika yote minne. Kabla ya Juni kwisha alishauachia wa IBF, kwa sababu shirika lilitaka apigane na mpinzani wa lazima, yule wanayempangia wao, na yeye alikuwa na marudiano na Fury.

Na mizani! Kikomo cha uzani wa lightweight ni kilo 61.23. Bingwa akizidi, amevuliwa hapo hapo. Mpinzani aliyetimiza uzani akishinda anauchukua. Akishindwa, mkanda unabaki wazi. IBF hupima tena asubuhi ya pambano, na hairuhusu kuzidi pauni 10 juu ya kikomo. Anayejikausha kwa ajili ya mizani kisha akajaza maji mwilini usiku kucha hunaswa hapo.

KochaMaweni
Baraka, kijana aanze na taji la taifa, kisha la Afrika au la Jumuiya ya Madola. Lengo ni kuingia 15 bora wa shirika moja. Nje ya hapo hapiganii dunia. Bondia wetu Fatuma Zarika alitwaa mkanda wa dunia wa WBC 2016. Kabla ya kutia sahihi, adai barua ya idhini ya shirika lililotajwa, na aangalie raundi: ubingwa wa dunia ni 12 kwa wanaume, kwa kawaida 10 za dakika mbili kwa wanawake. Bango likisema "ubingwa" na mkataba ukisema raundi 6, hakuna taji hapo.

BarakaBarani
Shukran. Na wakitoka sare?

Bi_Kona_Nyekundu
Mkanda haumtoki bingwa. Ukiwa wazi, unabaki wazi.