Nina saba tatu, kopa ya tatu imeshuka mezani, nami nimesukumiwa chipu zote: nilipe au nitupe?

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, naomba maoni ya wazoefu wa poka ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau (kila mchezaji ana karata mbili mkononi, na tano za wote hufunuliwa mezani), hasa wanaoicheza mezani ana kwa ana. Hesabu zote nitazitaja kwa kipimo cha dau kubwa la lazima, yaani lile kubwa kati ya madau mawili ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa. Mimi na mpinzani wangu tulianza na 300 kila mmoja, wakati mafunzo mengi huchukulia 100 kuwa kiwango cha kawaida, na hapo ndipo ninapoona mazoea yangu hayanifikishi mbali.

Mpinzani, aliyekuwa wa kwanza kuamua, alifungua kwa 4. Mchezaji mmoja akafuata, nami nikafuata nikiwa na saba ya shupaza na saba ya pau, katika nafasi ya mgawaji inayoamua mwisho. Wenye madau ya lazima wakatupa, na fungu, yaani chipu zote za kushindaniwa, likawa 13.5. Karata tatu za mwanzo zilikuwa malkia wa kopa, saba ya uru na nne ya kopa. Mpinzani akaweka 9, yule wa katikati akatupa, nikapandisha hadi 30, naye akafuata. Karata ya nne ilikuwa mbili ya shupaza. Akapita bila kuweka dau, nikaweka 50 katika fungu la 73.5, akafuata bila kusita. Karata ya tano ikawa kumi ya kopa. Akapita tena, nikaweka 80 katika fungu la 173.5, naye, baada ya kuziangalia chipu zangu kwa muda, akasukuma zote 216 alizobakiwa nazo.

Natakiwa kuongeza 136. Mezani zimo 469.5, na nikilipa fungu zima litakuwa 605.5, kwa hiyo inatosha niwe mbele kwa asilimia 22.5 tu ya nyakati hizi. Mpinzani ni mtu mtulivu, anacheza karata chache, na kwa saa tulizokaa pamoja sijamwona akifunua dau la kuzuga, yaani dau la kutishia akiwa na karata dhaifu. Sitataja nilichofanya wala alichokuwa nacho, kwa sababu nataka uamuzi wenyewe ujadiliwe, si matokeo yake.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeiweka bei vizuri, lakini bei ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kuorodhesha karata anazoweza kuwa nazo mtu aliyepita njia hii yote, kuanzia kufungua akiwa wa kwanza hadi kukusukumia zote baada ya kopa ya tatu kushuka.

Mezani hapana mfuatano (karata tano zinazofuatana) unaowezekana, na hapana karata iliyojirudia, kwa hiyo vinavyokushinda ni flashi (karata tano za alama moja, hapa kopa), kumi tatu na malkia watatu. Kumi mbili naziondoa, kwa kuwa mtu makini hazibebi hadi mwisho baada ya kupandishiwa akiwa na malkia mezani. Malkia wawili mkononi wanapatikana kwa njia 3, yaani jozi tatu tofauti za karata, kwa kuwa mmoja yupo mezani. Kwa flashi nampa ree na mfalme, ree na ghulamu, ree na tisa, ree na tano, mfalme na ghulamu, pamoja na ghulamu na tisa, zote za kopa: hizo ni njia 6. Jumla ni 9. Ili asilimia yako 22.5 itimie, unahitaji angalau njia 3 unazozishinda, na kwa bahati mbaya nne mbili nazo zinapatikana kwa njia 3 kamili. Nasema kwa bahati mbaya kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayowashawishi watu kulipa.

Jiulize: mwenye nne tatu, ambaye hakupandisha flashi ilipokuwa bado inasubiriwa, kwa nini apandishe baada ya kutimia? Mtu mtulivu mwenye nne tatu hapo hulipa 80 zako na kunyamaza. Mwenye ree mbili hufanya vivyo hivyo, hata kama mojawapo ni ya kopa. Ukizipa nne zile njia moja badala ya tatu, ambayo kwangu bado ni ukarimu, unabaki na 1 kati ya 10, na asilimia 10 haifiki hata nusu ya unachohitaji. Ningetupa, tena bila kuchelewa.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na kutupa, ila ningependa tulitazame jambo kutoka upande wa pili wa meza, kwa sababu hapo ndipo kina cha chipu kinapojionyesha.

Uliweka 50 kwenye karata ya nne. Tuseme alikuwa na kopa mbili. Kwa anavyoona yeye, karata 46 hazijulikani, na 9 kati yake ni kopa, hivyo ana asilimia 19.6 ya kutimiza flashi. Alitakiwa kutoa 50 ili ashindanie fungu ambalo, baada ya kulipa, lingekuwa 173.5, na bei hiyo inadai asilimia 28.8. Kwa hesabu ya papo hapo alilipa kwa hasara. Kilichomfanya alipe ni chipu 216 ambazo kila mmoja wenu alikuwa bado nazo. Ukikokotoa, utaona kwamba ili asipate hasara alihitaji kukutoa takriban 82 zaidi kila flashi inapotimia. Kwa kweli alihitaji zaidi kidogo, maana saba ya kopa na mbili ya kopa zingetimiza flashi yake lakini zingekupa wewe karata kubwa zaidi.

Sasa angalia: dau lako la mwisho lilikuwa 80. Ukiishia hapo, subira yake haikumletea faida yoyote ya maana. Ukiongeza 136, umemlipa mara mbili na nusu ya alichohitaji, na kuanzia siku hiyo ana kila sababu ya kuendelea kusubiri flashi dhidi yako. Kwa hiyo dau la 80 silioni kuwa kosa, kwa kuwa mwenye ree na malkia au mfalme na malkia angeweza kulilipa, mradi uliliweka ukiwa umeshaamua kwamba ukipandishiwa unatupa. Uamuzi huo ni rahisi kabla chipu hazijasogea. Baada ya kusogea, kila mtu hujiona ana sababu maalumu ya kulipa.

Pale ningebadilisha ni kwenye karata ya nne. Ningeweka 75 hivi, karibu sawa na fungu lenyewe, ili kusubiri kuwe ghali.

Mchangiaji wa tatu

Naomba nitofautiane kidogo, si kwa uamuzi bali kwa ushahidi. Mezani ana kwa ana hugawiwa mikono kama 30 kwa saa, na michache sana hufika mwisho karata zikafunuliwa. Kusema kwamba kwa saa kadhaa mtu hajafunua dau la kuzuga ni kusema kitu kidogo mno, maana anayezuga kwa mafanikio huwa hafunui. Vivyo hivyo kuangalia chipu zako: wapo wanaofanya hivyo wakiwa na karata kali, na wapo wanaopima kama utaogopa.

Ushahidi ninaouamini ni mmoja tu, nao ni mpangilio wa madau yake: alifuata, akafuata, kisha akapandisha mara flashi ilipowezekana. Katika michezo mingi ya ana kwa ana wachezaji hawazugi vya kutosha katika hatua hii, hasa kwa chipu nyingi kiasi hiki. Angekuwa mtu anayejulikana kushika ree ya kopa peke yake na kuitumia kutishia, ningelipa, maana njia chache tu za namna hiyo zinatosha kuivuka asilimia 22.5.

Mleta mada

Nashukuru sana. Je, tungeanza na 150 badala ya 300, madau mengine yakabaki yale yale, mngetupa?

Mchangiaji wa pili

Swali lisingekuwepo, mkuu. Kwa 150 mngefika kwenye karata ya tano kila mmoja akiwa na 66 dhidi ya fungu la 173.5. Angepita, ungesukuma zote 66, naye angebaki na kulipa au kutupa tu, kwa sababu hana cha kupandishia. Kwa 100 ungekuwa na 16 tu, na hata angeanza yeye kuzisukuma, ungehitaji asilimia 7.8 pekee kulipa. Kwa 300 nafasi ya kupandishiwa baada ya dau lako ipo, na ndiyo maana saba tatu zile zile zinastahili 80 lakini hazistahili 216.