Ushauri: Baiskeli ya Peugeot ya chuma ya miaka ya 70, nataka kuifufua kwa spea za mtumba

Tairi27: Wakuu salaam. Nina baiskeli ya Peugeot ya Mfaransa, toleo la UO-8, zile za resi zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Nimeitoa kwa muuza vyuma chakavu hapa Tanga, ilikuwa inasubiri kukatwa. Fremu imenyooka, kutu ni ya juu juu tu, rangi ya bluu bado ipo na stika zinasomeka. Sasa tairi zake zimeandikwa 27 x 1 1/4 nimezunguka mjini kote sijapata, mashine ya kuhamisha gia ya nyuma ni Simplex ya plastiki imepasuka, na kikombe cha eksili ya pedeli (kile kinachofungwa kwenye fremu na kushika gololi) upande wa cheni kimegoma kabisa, fundi anazungusha mpaka spana inateleza, sasa anataka akikate kwa gesi achomelee cha baiskeli ya Phoenix. Roho inaniuma, baiskeli kama hii haitengenezwi tena, ila kuagiza spea nje siwezi. Spea zipi za mtumba zinaingiliana nayo? Natanguliza shukrani.

Gololi: Mkuu mzuie huyo fundi leo hii. Anazungusha upande gani? Phoenix na Raleigh kikombe cha upande wa cheni kina nati (mizunguko ya skrubu) ya kushoto, unakifungua kwa kufuata saa, na fundi wetu wote mkono umezoea hivyo. Peugeot ya miaka hiyo ina nati za Kifaransa, kipenyo 35 mm, mzunguko hadi mzunguko 1 mm, na vikombe VYOTE viwili ni nati ya kulia. Kwa hiyo kama anafuata saa basi anakaza, na kila akileta bomba refu zaidi anakaza zaidi. Weka mafuta ya kulegeza kutu, yalale usiku mzima, asubuhi zungusha kinyume na saa. Vikombe ukivikuta vizima usivibadilishe, safisha, badilisha gololi tu.

Mtu wa Pwani: Mi naona unahangaika bure, chomelea uendeshe, baiskeli ni baiskeli.

Gololi: @Mtu wa Pwani ukichomea pale moto unapinda nyumba ya eksili (bomba la fremu linaloshika vikombe), vikombe havitakaa kwenye mstari tena na gololi zitakuwa zinakufa kila mara. Hapo ndipo fremu inapofia. Kingine chochote kinabadilishika ila hapo hapana.

Spoku Mombasa: Sasa hizo wheel. Achana na kutafuta tairi za 27, tafuta wheel nzima za 700C (saizi ya kawaida ya baiskeli za resi) kwa mtumba, mbele na nyuma, ziwe rimu za aluminiamu, hizo ndizo tairi zake zinapatikana. Kipenyo cha rimu ya 27 pale tairi linapokaa ni 630 mm na 700C ni 622, kwa hivyo pedi za breki zinashuka 4 mm peke yake, na kama breki zako bado ni zile za Mafac zinafika bila shida. Usichukue za Phoenix za 28, hizo ni 635, ni kubwa zaidi. Tena rimu zako za chuma mvua ikinyesha breki hazishiki, mimi singepanda nazo barabara yenye malori. Pia usijaribu kufunga friwili (gia za nyuma) ya kawaida kwa habu (kitovu cha wheel) ya Mfaransa, inaingia ikiwa imelegea halafu siku unapanda mlima inakula nati yote.

Tairi27: Asante sana mkuu. Ila habu ya mtumba niliyoiona ni pana, haiingii kwenye fremu.

Spoku Mombasa: Nafasi ya habu ya nyuma kwenye fremu yako ni 120 mm, za mtumba nyingi ni 126 au 130. Chuma kinapanuka, ndio raha yake, aluminiamu usithubutu. Panua pole pole, kila upande sawa, halafu funga uzi kutoka sikio la nyuma (pale eksili ya wheel inapokaa) upande mmoja, uzunguke shingo ya usukani, urudi sikio la pili, pima uzi mpaka bomba la siti kulia na kushoto. Zikilingana fremu iko sawa. 126 ni rahisi, 130 nenda taratibu sana.

Mama Cheni: Kuhusu rangi naomba usipulize spreyi. Osha kwa sabuni, toa kutu kwa foili ya aluminiamu na maji, paka nta. Stika za asili zikishaondoka hazirudi. Kota pini (pini zinazoshika krenki, yaani mikono ya pedeli, kwenye eksili) zikikusumbua, weka bomba la chuma chini ya krenki liguse sakafu ndio upige nyundo, vinginevyo pigo lote linaenda kwenye gololi. Pini mpya ikiwa nene usiilazimishe, ipunguze kwa tupa.

Tairi27: MREJESHO: kikombe kimetoka!! Kinyume na saa, bomba fupi tu. Ndani hakina mashimo, kinang'aa. Gololi saizi gani wakuu?

Gololi: Robo inchi, 11 kila upande. Zote mpya, usichanganye na za zamani, na grisi usiibanie.