Fuso si bajaji, semi si IST: madereva wa Mtwara na Lindi, mnatumaliza

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu naufungua kwa hasira na sitaificha. Huku kusini mtu anaanza na bodaboda, akipata vijisenti anahamia bajaji, baadaye anapewa Noah ya abiria. Msimu wa korosho ukiingia yuko kwenye Fuso, na mwaka unaofuata kashika semi, lori la kichwa na tela, ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kuja bandarini Mtwara. Chombo kinabadilika, mkono ni uleule. Leseni kaipandisha daraja, lakini hakuna aliyemkalisha chini akamwambia tani 50 zinasimamaje.

Nianze na mteremko, maana ndiko roho zinakotoka. Chukueni huu wa kutoka Newala kushuka kwenda Masasi. Dereva anafika ukingoni na mzigo, anatia fri (anatoa gia, gari linajiendea lenyewe), anajisifu kwamba anaokoa dizeli. Haokoi kitu! Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, pampu inakata dizeli, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye fri injini inalazimika kunywa dizeli ili isizime. Kwa hiyo umetupa breki ya injini na mafuta umeyachoma vilevile.

Kinachofuata ni hiki. Breki za lori hizi nyingi ni ngoma na shuu: shuu zenye laini zinabana ndani ya ngoma inayozunguka na gurudumu. Ukikanyaga mfululizo kilomita nzima, ngoma inashika moto, chuma kinatanuka na kukimbia shuu, na laini zenyewe zinapoteza mshiko. Kwanza inakuja harufu ya kuungua. Kisha unakanyaga zaidi na gari halipungui. Kisha moshi kwenye magurudumu ya tela. Hapo mchezo umekwisha, na aliyeko mbele yako na familia yake kwenye Noah hana habari.

Inavyotakiwa: simama juu, kwenye tambarare, kabla hujaanza kushuka. Angalia geji za upepo, maana breki za lori zinasukumwa na upepo, mishale yote miwili iwe imefika baa 7 au zaidi. Chagua gia pale pale juu, ndogo kuliko ile ambayo ungepandia, na usiibadilishe katikati, kwa sababu gia ikikataa kuingia ukiwa unashuka umebaki fri kwa lazima. Washa ekzosti breki, ile inayoziba moshi wa injini ili injini yenyewe ilizuie gari. Mwendo ukifika 40, kanyaga kwa nguvu mpaka 30, achia, ngoma zipoe, rudia. Kukanyaga kidogokidogo bila kuachia ndiko kunakochoma. Ukisikia harufu, tafuta pa kusimama, utingo aweke kabari, mngoje nusu saa au zaidi. Na tafadhalini, acheni kuzimwagia maji ngoma zenye moto. Zinapasuka.

Asubuhi kabla ya safari fungua vali chini ya matangi ya upepo umwage maji. Jaza upepo, zima injini, kanyaga breki dakika moja huku unaangalia mshale. Ukiendelea kushuka, pana mahali panavuja. Dakika tano tu za kazi, na bado wengi hawafanyi.

Semi za makaa. Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari ya mwaka 2016 inataja ekseli pacha tani 18, ekseli tatu za tela tani 24, na gari zima lisizidi tani 56. Mizani inawabana kwenye uzito, sawa. Lakini nani anawabana kwenye vumbi? Turubai limefungwa hovyo, vumbi jeusi linajaa nyuma ya tela mpaka taa nyekundu hazionekani na viakisi vimekuwa rangi ya mzigo. Jioni, ukitoka Masasi kuja Mnazi Mmoja, unajikuta nyuma ya ukuta mweusi unaotembea 30 kilimani. Kitambaa chenye maji, kila mnaposimama, futeni taa na viakisi. Ni kazi ya utingo ya dakika mbili! Na lori likiharibika, matawi ya mikorosho barabarani si alama. Weka pembetatu, ya nyuma iwe hatua 100 kutoka kwenye tela, na kama umekwama baada ya kona, iwekwe kabla ya kona. Mkiondoka, ondokeni nazo. Mawe ya kabari mnayoacha katikati ya lami yanaua wa bodaboda usiku.

Sasa ninyi wa magari madogo msicheke, maana kuovateki hamjui hesabu. Semi ina urefu wa karibu mita 20 na inatembea 80. Wewe uko 100. Unaizidi mita 5 na nusu tu kwa sekunde. Ukihesabu nafasi ya kutokea nyuma yake na ya kurudi mbele yake bila kumkata, unahitaji sekunde 12 hivi upande wa kulia, na utakuwa umekula mita 330. Anayekuja kwa mwendo kama wako naye amekula 330. Kwa hiyo unahitaji barabara tupu mita 660 unazoziona kwa macho, bila kukisia. Semi mbili zikifuatana, inapita kilomita moja. Je, njia ya Mikindani na kona zake inakupa kilomita? Basi tulia nyuma, na ukae mbali kidogo uone mbele. Kugandia tela ndiko kunakokuziba. Ninyi wenye semi nanyi acheni kufuatana kama siafu. Mwachiane nafasi mtu aingie katikati.

Mabasi sitasema mengi. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. Basi halitakiwi kuzidi 80. Bila kusimama hata mara moja ni saa 7. Anayewaahidi abiria kufika kwa saa 7 na chakula njiani anawaeleza waziwazi kwamba atavunja sheria, na abiria mnampigia makofi.

Fuso za korosho: gunia ni kilo 80. Ukipakia gunia 150 kwenye Fuso ya tani 7, umebeba tani 12. Breki, springi na tairi ni za tani 7. Tena mzigo umepanda juu ya kuta za bodi, uzito uko juu, na kona uliyoipita juzi kwa 50 ukiwa mtupu leo inakulaza. Punguza kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka. Ukikanyaga breki katikati ya kona uzito wote unakwenda kwenye gurudumu la mbele la nje. Tairi nazo soma ubavuni: tarakimu nne, kwa mfano 2315, ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Hiyo si tairi ya kubebea tani 12 kwenye jua la Oktoba, hata kama kashata (meno ya tairi) bado ipo.

Bajaji ina gurudumu moja mbele. Ukikata kona kwa kasi, la nyuma la ndani linanyanyuka, na abiria wawili mliowabana na dereva kwenye kiti chake wanamzuia kugeuza usukani. Bodaboda: kwenye lami tumia breki zote mbili, ya mbele ndiyo inayosimamisha. Kwenye mchanga wa Tandahimba iache ya mbele, tairi itazama uruke juu ya usukani. Punguza kwa gia na breki ya nyuma taratibu. Mishikaki, kupakia abiria zaidi ya mmoja, ni ujinga, sirudii.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwenu matajiri, wenye magari. Mnamlipa dereva kwa tripu halafu mnashangaa kwa nini halali. Mnachelewesha shuu mpaka msimu uishe. Mnampa kijana funguo za semi kwa sababu ni mtoto wa shangazi. Naomba mjibu hapa hapa kwenye uzi: ni nani kati yenu aliyepanda kiti cha pembeni, akashuka na dereva mpya mteremko wa Newala lori likiwa na mzigo, mara moja tu, kabla ya kumkabidhi gari?