Naapdeti LibreOffice: kamusi yangu na kiolezo cha barua vitapona?

Mchapaji wa Moro
Wakuu, habari zenu. Nina steshenari Morogoro, kazi kubwa ni barua na hati za mauziano. Kompyuta ina LibreOffice 7.3 kwenye Windows 10, nataka kuweka 24.8. Nahofia vitu viwili. Kuna kamusi tuliyoijaza neno moja moja, majina ya vijiji na ya watu, ili yasipigiwe mstari mwekundu. Halafu kuna kiolezo cha barua: fundi alichukua kile kilichokuja na programu, akaweka kichwa cha ofisi yetu, akasevu humohumo Program Files. Vitabaki?

Fundi Nyaya
Mkuu, kamusi haina shida. Bonyeza Windows na R, andika %APPDATA%\LibreOffice\4\user. Hiyo 4 isikutishe, matoleo mapya nayo yanatumia folda hiyohiyo. Ingia wordbook, utaikuta standard.dic. Kuapdeti hakuigusi.

Kiolezo ndicho cha kuwahi. Program Files ni mali ya programu: faili lililokuja nayo likirekebishwa humo, toleo jipya linaliondoa na kuweka la kwake. Kifungue leo, nenda File, Templates, Save as Template. Kitahamia folda ya user.

Dada Mhariri
Mimi ningefuta folda ya user yote nianze upya. Mipangilio ya zamani ndiyo inayofanya programu igome kufunguka.

Fundi Nyaya
Dada, ukifuta na kamusi imeondoka. Programu ikigoma, kwanza ajaribu LibreOffice (Safe Mode) kwenye menyu ya Start, yaani ifunguke bila mipangilio yake ya kawaida. Ikifunguka vizuri huko, basi tatizo liko kwenye mipangilio yake. Hapo abadilishe jina, user iwe user_zamani, programu itajitengenezea mpya. Arudishe wordbook, template na autocorr (masahihisho ya papo kwa papo) tu. Faili la registrymodifications.xcu aliache, mipangilio yenyewe imo humo.

Dada Mhariri
Sawa, hilo la kubadilisha jina nimelipenda.

Mzee wa Faili
Kabla ya yote funga LibreOffice, nakili folda nzima ya user kwenye flashi. Siku ukitaka kurudi 7.3, rudisha nakala hiyo, usitumie iliyokwisha kupitiwa na 24.8. Na kama vijana wako wana akaunti zao za Windows, kila akaunti ina folda yake ya user. Watu wengi hulisahau hili.

Mchapaji wa Moro
Asanteni sana wakuu. Kiolezo nimeshakihamisha, nakala iko kwenye flashi. Akaunti kweli ziko mbili, na kila moja ina maneno yake. Nikinakili standard.dic yangu kwenda ya kijana?

Fundi Nyaya
Utafuta ya kwake. Zifungue zote mbili kwa Notepad, LibreOffice ikiwa imefungwa. Juu kuna mistari michache inayoanza na OOoUserDict1 na kuishia kwenye vistari vitatu, hiyo usiiguse. Maneno yako yabandike chini yake, neno moja kila mstari, kisha sevu.