Mama anakuja kuiona Berlin, VE imekwama

Binti Tanga (Bremen)
Habari za jioni ndugu zangu. Nimetoka ofisi ya wageni sasa hivi, moyo umenivunjika. Mama anataka kuja Septemba, akae kwangu na nimpeleke kuiona Berlin. Nimepeleka hati za mshahara, mkataba wa nyumba, kila walichotaka. Yule bwana kaiona Fiktion yangu, ile karatasi ya muda ya kungojea kadi ya ukaazi, kasema VE, yaani hati ya kumdhamini mgeni kwa gharama zake, hakuna mpaka kadi itoke. Itatoka lini, hajui. Na miadi ya mama ubalozini tumeshaipata. Dada yangu yuko Kassel, ana Niederlassung, kibali cha kudumu. Je, akitia saini VE yeye, na mama akafikia kwangu Bremen, ubalozi utakubali? Aliyewahi kufanya hivyo anisaidie.

Mzee wa Hamburg
Pole mwanangu. Fiktion ni mateso, hata kusafiri huruhusiwi. Kaka yangu alizikwa Korogwe mimi nimeshika karatasi hiyo hapa.

Kaka wa Köln
Shikamoo mzee, na pole kwa msiba. Lakini tusiwapotoshe watu. Fiktion ya kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, ibara ndogo (Abs.) ya 4, unatoka na kurudi, ya Abs. 3 ndiyo inayokufunga. Mtu aifungue karatasi yake aangalie kisanduku kipi kimetiwa alama. Tena dada hakuuliza habari ya kusafiri. VE yenyewe si lazima: mama akiwa na fedha zake ataonyesha taarifa za benki, bima ya euro 30,000, ada ya viza euro 90, basi. Mama mkwe wangu alikuja hivyo kwa pensheni yake ya ualimu.

Mama Wawili (Leipzig)
Kaka, wangapi wana pensheni? Mama yangu anauza vitenge, fedha zake zimo kwenye mzunguko, si benki. Nililipa euro 29 za VE na bila hiyo asingekuja.

Berlin tulipanda basi namba 100 kutoka stesheni ya Zoo hadi Alexanderplatz, tiketi ya kawaida tu, unaona Siegessäule (mnara wa ushindi), Reichstag (jengo la Bunge) na mengine njiani. Lango la Brandenburg hakulijali sana. Kilichomsimamisha ni dinosaria wa Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia ya asili, mita 13 kwenda juu. Mama ni mtu wa Lindi. Alisoma "Tendaguru", jina la kilima cha kwao Lindi, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akasoma tena. Kisha akasema, "Hawa walibebwa vichwani." Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1909 hadi 1913 wapagazi waliibeba mifupa ile kwa miguu mpaka bandarini Lindi, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Leo wajukuu zao wanaombwa VE ili waje kuitazama. Inaniuma sana.

Kaka wa Köln
Irudishwe. Sijui tunangoja nini.

Mzee wa Hamburg
Irudishwe iwekwe wapi, kijana? Mifupa ile inataka jengo, wataalamu na umeme usiokatika. Serikali yetu ijenge kwanza Lindi, ndipo tudai kwa sauti moja.

Mama Wawili (Leipzig)
Mzee, kwa heshima zote, hoja hiyo ndiyo wanayotujibu nayo kila siku. Mwenye mali haulizwi kabati lake likoje.

Mzee wa Hamburg
Sijakataa ni mali yetu. Binti Tanga, mpeleke mama Wedding pia, hukohuko Berlin, kwa treni ya U6, ushuke Afrikanische Straße. Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, tangu 2024 haipo. Kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee. Na eneo hilohilo kuna Tangastraße. Mimi nilisimama chini ya kibao kile nikaisikia harufu ya bahari ya Raskazone, Tanga.

Kaka wa Köln
Mzee, mwaka 1986 walishasema Peters wa kibao ni mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyepinga Wanazi.

Mzee wa Hamburg
Walibadilisha maelezo, kibao kikabaki kilekile. Watu wa kule walipigania miaka mingi mpaka kikashuka. Usiwapunguzie kazi yao.

Mama Wawili (Leipzig)
Na Neukölln, Berlin hukohuko, kuna Lucy-Lameck-Straße, ya mwanasiasa wetu wa Tanzania, zamani ilikuwa ya Wissmann, gavana wa kikoloni wa Kijerumani. Mama alitaka apigwe picha pale tu, si kwenye Lango. Kuba la Reichstag ni bure ila mnajiandikisha mapema, jina na tarehe ya kuzaliwa, na mama abebe pasi yake yenyewe, si nakala. Mpande jioni kabla jua halijazama, mji mzima mtauona.