NSSF: ruhusa ya kutoka amepewa bosi, na pesa ni zangu!!

Wadau, acheni nitoe hii kitu kwa roho kabla nipasuke. Niko Nakuru, naangalia stoo ya kampuni fulani hapa Industrial Area, grosi (mshahara kabla ya makato) ni 45,000. Hadi mwanzo wa 2023 NSSF, ule mfuko wa serikali wa pensheni, nilikuwa nakatwa 200 kwa mwezi, kitu hata husikii. Februari hiyo Mahakama ya Rufaa ikaruhusu ile sheria ya NSSF ya 2013 ianze kutumika, ikawa 1,080, mwaka uliofuata 2,160, kufika 2025 nikajipata kwa 2,700, na hapo sijagusa SHA ya matibabu, sijagusa ushuru wa nyumba, PAYE, ile kodi ya mshahara, ndio hata sitaki kuongea.

Sasa skizeni penye naumia. Hiyo 2,700 imegawanywa. Kwa viwango vya 2026, 540 ni tia (sehemu) ya kwanza, lazima iende NSSF, sawa, wachukue, sina maneno. 2,160 ni tia ya pili, na sheria hiyo hiyo inasema hii inaweza kupelekwa kwa skimu nyingine ya kustaafu yenye imekubaliwa na RBA, wale wasimamizi wa skimu za pensheni. Mwajiri anaongeza 2,160 yake, kwa hivyo kila mwezi kuna 4,320 zinaweza kuhama. Mwenye kuomba zihamishwe ni nani? Mwajiri! Mimi sina fomu, sina mahali pa kusaini, kazi yangu ni kwenda kubembeleza ofisi. Na nimebembeleza. Nikaambiwa eti hiyo ni makaratasi mengi na wenzangu hawajalalamika. Yaani uzee wangu unapangwa na uvivu wa mtu wa mishahara??

Kijana wa boda anayenitoa Kaptembwo asubuhi, yeye kuweka NSSF ni hiari yake, akitaka anaweka, akichoka anaacha. Mama wa chapo hapo geti pia. Ni mimi tu wa kuandikwa ndio sifai kuulizwa, na ni mimi tu nakatwa kabla hata nione pesa.

Najua kuna wenye watakuja hapa kusema tukiachiwa tutakula yote halafu tuzeeke tukisumbua watoto. Wengi wangekula, ni ukweli. Lakini nani amesema nipewe mkononi? Nasema iende skimu nyingine, ikae huko hadi nistaafu, ila nichague mimi. Huko Uingereza tangu 2012 mwajiri anakuandikisha kwa pensheni ya kazini bila kukuuliza, lakini una mwezi mmoja wa kujitoa kabisa na unarudishiwa chako. Sisi hata kuhama tu ni mpaka bosi ajisikie.

Kuna mtu hapa, Nakuru, Kisumu, Kakamega, popote, ambaye kazini kwao tia ya pili ilihamishwa? Mlipitia chama cha wafanyakazi ama mlienda wengi na barua? Na ofisi ilichukua muda gani kukubali? Wale wa "shukuru una kazi", pitieni uzi mwingine.